Mwalimu wa Mpira na Hukumu ya Dakika Tisini

Liko neno moja ambalo limekuwa kama sheria katika klabu zetu za mpira. Neno hilo ni kwamba mpira ni matokeo. Husemwa na viongozi wanapotaka kumwondoa mwalimu, husemwa na wapenzi watokapo uwanjani na nyuso zilizokunjamana, na husemwa redioni na watu ambao kazi yao ni kuyapima mambo kabla ya kuyatamka. Likisha kusemwa, mjadala hufungwa. Nani awezaye kuyakana matokeo? Mabao huhesabika, pointi huandikwa, na msimamo wa ligi hauna huruma wala upendeleo. Basi mwalimu ambaye timu yake imefungwa hana la kujitetea, na klabu imwondoayo haina la kujibu.

Nakusudia katika insha hii kulipinga neno hilo. Silipingi kwa kudai kuwa matokeo hayana maana, kwani klabu isiyoshinda hatimaye hukosa watazamaji, hukosa fedha, na hushuka daraja. Nalipinga kwa sababu wengi walitumialo hawayatafuti matokeo kama wadaivyo. Mtu atafutaye mavuno hulitunza shamba. Mtu ang'oaye mche kila juma ili atazame kama mizizi imeshika, huyo hana haja ya mavuno, hata akiimba habari za mavuno mchana kutwa.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kazi ya mwalimu wa mpira, maana watu wengi huihukumu bila ya kuijua. Mwalimu hupokea wachezaji 25 au zaidi, kila mmoja na mazoea yake, na wengine na lugha zao. Kazi yake ya kwanza ni kuwafanya wafikiri pamoja. Mlinzi anapoupokea mpira kutoka kwa kipa, kiungo sharti awe amekwisha kuugeuza mwili wake kabla ya pasi kumfikia. Mshambuliaji sharti ajue kwamba akikimbilia pembeni, mwenziwe atalijaza pengo la katikati. Timu ipotezapo mpira, watu walio karibu sharti waukabe mara moja, na wenzao wasogee nyuma yao, la sivyo pasi moja ya wapinzani huwaacha wote wakitazamana. Mambo haya hayafundishwi kwa hotuba katika chumba cha kubadilishia nguo. Hufundishwa kwa kurudiwa asubuhi na jioni, mpaka mguu uyajue kabla ya akili kuulizwa.

Na kurudia kunataka siku. Msimu wa Ligi Kuu ya Tanzania una mechi 30 kwa kila timu. Klabu iingiayo katika mashindano ya Afrika huongezewa safari za Kaskazini, Magharibi na Kusini ya bara hili. Ligi ikisha kuanza, siku nyingi za juma huliwa na safari na mapumziko ya miili, na siku za kufundisha hubaki chache. Wakati wa kweli wa kufundisha ni majuma ya maandalizi kabla ya msimu. Mwalimu aitwaye katikati ya msimu hayapati majuma hayo. Huingia chomboni kikiwa baharini, akaambiwa abadili tanga, azibe nyufa, na awahi kufika. Akiondolewa naye kabla ya msimu ujao, basi hakuwahi kufundisha hata siku moja kwa maana kamili ya neno hilo. Alikuwa akichagua tu majina 11 ya kuandika karatasini.

Baada ya kusema hayo, na tutazame mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2021 ulituletea jaribio ambalo kama lingetengenezwa kwa makusudi lisingekuwa wazi zaidi. Klabu mbili za Kariakoo, Yanga na Simba, zote mbili zilipata aibu katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na aibu hizo zilifuatana kwa muda wa majuma machache. Mwezi wa Septemba Yanga ilifungwa bao 1 kwa bila nyumbani na Rivers United ya Nigeria, ikaenda Port Harcourt ikafungwa tena 1 kwa bila. Mwezi wa Oktoba Simba iliishinda Jwaneng Galaxy ya Botswana mabao 2 kwa bila ugenini, ikarudi Dar es Salaam ikafungwa 3 kwa 1 na kutolewa kwa sheria ya mabao ya ugenini. Mwalimu wa Yanga alikuwa Nasreddine Nabi, aliyefika Aprili mwaka huo, na mwalimu wa Simba alikuwa Didier Gomes Da Rosa, aliyefika Januari. Ikiwa kuna aliyekuwa na haki zaidi ya kuvumiliwa kwa hoja ya matokeo, ni huyu wa Simba, kwani alikuwa ametoka kuipa klabu yake ubingwa na robo fainali ya Afrika. Nabi alikuwa hajashinda kombe lolote pale Jangwani. Fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani aliipoteza mwezi wa Julai mbele ya Simba hiyo hiyo.

Simba na mwalimu wake wakaachana siku chache baada ya mechi ile. Yanga ikabaki na wake. Kilichofuata kinajulikana. Yanga, iliyokuwa haijachukua ubingwa tangu msimu wa 2016–17, ilichukua ubingwa wa 2021–22 bila ya kufungwa hata mechi moja ya ligi. Mfululizo wa kutofungwa katika ligi uliendelea mpaka mechi 49, ukakatwa na Ihefu Novemba 2022. Miezi ya Mei na Juni 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na USM Alger, ikafungwa 2 kwa 1 Dar es Salaam, ikashinda 1 kwa bila Algiers, ikalikosa kombe kwa sheria ile ile ya mabao ya ugenini. Lau viongozi wa Yanga wangalimhukumu Nabi kwa zile mechi 2 za Rivers United, yote haya yangalikuwa ya mtu mwingine, au yasingalikuwako kabisa.

Kwa upande wa pili, na tukihesabu kiti cha mwalimu pale Msimbazi. Novemba 2019 aliondolewa Patrick Aussems, ambaye msimu uliotangulia alikuwa ameifikisha klabu robo fainali ya Afrika na kuchukua ubingwa. Akaja Sven Vandenbroeck, akaondoka Januari 2021. Akaja Gomes. Akaja Pablo Franco, Novemba 2021, akaondoka Mei 2022. Akaja Zoran Maki, akakaa muda usiotosha mahindi kukomaa. Akaitwa Juma Mgunda kushika nafasi. Akaja Roberto Oliveira, Januari 2023, akaondolewa Novemba ya mwaka huo. Akaja Abdelhak Benchikha, akaondoka Aprili 2024. Akaitwa Mgunda mara ya pili. Mwezi wa Julai 2024 akaja Fadlu Davids. Kutoka kuondoka kwa Aussems hadi kuja kwa Davids haikutimia miaka 5, na katika muda huo wageni 6 walikalia kiti kimoja. Klabu iliyokuwa imechukua ubingwa mara 4 mfululizo, toka 2018 hadi 2021, ikakaa misimu 4 mfululizo bila ya kuuona.

Nitajibiwa kuwa si wote waliofukuzwa. Ni kweli. Vandenbroeck aliondoka mwenyewe, na wengine vile vile walikuwa na sababu zao. Lakini jibu hilo halikiokoi kiti. Kiti kinachojulikana kuwa ni cha moto, akikaliaye huacha mguu mmoja mlangoni. Mwalimu ajuaye kwamba hatapewa miaka 3 hana sababu ya kupanga mambo ya miaka 3. Husajili mchezaji wa miaka 32 atakayemfaa leo, hamtazami kijana wa miaka 18 atakayemfaa mrithi wake, na akiitwa na klabu nyingine hufunga mizigo kabla hajafungiwa. Klabu isiyo mwaminifu kwa walimu hufundisha walimu kutokuwa waaminifu kwake.

Katika majina hayo yote nitashika moja, kwa kuwa linaonyesha jinsi hukumu zetu zilivyo na kumbukumbu fupi. Oktoba 2023 Simba chini ya Roberto Oliveira ilicheza mechi 2 na Al Ahly ya Misri katika mashindano mapya ya African Football League. Ilitoka sare ya mabao 2 kwa 2 Dar es Salaam, na sare ya 1 kwa 1 Cairo. Watu wakasema kuwa timu imefika. Tarehe 5 Novemba Simba ikafungwa na Yanga mabao 5 kwa 1, na siku chache baadaye mwalimu hakuwa na kazi. Mtu yule yule, wachezaji wale wale, na kati ya sifa na laana hazikupita hata siku 14. Naiuliza akili ya kawaida: katika siku hizo, mwalimu alisahau nini alichokuwa anakijua? Kama alikuwa hafai, hakufaa pia usiku ule wa Cairo. Kama alifaa Cairo, mabao 5 yalitaka kuchunguzwa yametokana na nini. Uchunguzi haukuwa na nafasi, kwa sababu wapenzi walikuwa na hasira, na hasira ilihitaji mtu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shina la jambo. Kwa nini mwalimu ndiye aondolewaye? Wachezaji hawaondoleki kwa siku moja, kwani wana mikataba na dirisha la usajili hufungwa. Viongozi hawajiondoi wenyewe. Mwekezaji haondolewi na mtu. Amebaki mwalimu. Kumwondoa ni tendo lionekanalo, ni tendo la haraka, na humfanya kiongozi aonekane kuwa ni mtu wa maamuzi. Siku ile ya tangazo hakuna aulizaye nani alimchagua mwalimu huyu, kwa vigezo gani, baada ya kuwatazama wangapi wengine, wala nani aliyesajili wachezaji ambao mwalimu alilazimishwa kuwatumia. Maswali hayo hufa kwa sababu kaburi lake limekwisha kuchimbwa na tangazo. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Nasi kila msimu tunalifukuza jua.

Gharama ya tendo hilo haionekani siku hiyo, lakini ipo. Mwalimu aondolewaye kabla ya mkataba wake kwisha hudai haki yake. Anayekuja huja na wasaidizi wake, na huwakuta wachezaji waliosajiliwa kwa mchezo usio wake. Aliyetangulia alitaka mabeki wa pembeni wa kupanda. Huyu ataka wa kukaa nyuma. Aliyetangulia alitaka mshambuliaji mrefu wa kuupokea mpira. Huyu ataka mwepesi wa kukimbilia nafasi. Basi nusu ya kikosi huwa ni mzigo, na dirisha lijalo hununuliwa kikosi kingine. Klabu hulipa mara 3 kwa kosa moja: humlipa aliyeondoka, humlipa aliyekuja, na hulipia wachezaji wa wote wawili. Kisha viongozi husimama mbele ya wanachama wakasema kuwa mpira umekuwa ghali.

Sasa nitaikabili hoja iliyo nzito zaidi ya wapinzani wangu, maana insha ikwepayo hoja nzito haifai kusomwa. Watasema: tazama Yanga yenyewe, uliyoitaja kuwa mfano wa subira. Novemba 2024 ilimwondoa Miguel Gamondi, ambaye miezi michache kabla aliipa ubingwa, baada ya kufungwa mechi 2 mfululizo za ligi na Azam na Tabora United. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari 2025. Akaja Miloud Hamdi. Walimu 3 katika msimu mmoja, na bado Yanga ikachukua ubingwa wa 2024–25. Iko wapi hasara?

Hoja hiyo yastahili jibu la makini. La kwanza, ubingwa ule haukujengwa msimu ule. Kikosi kilichouchukua kilikuwa na wachezaji waliokwisha kuchukua ubingwa mara 3 mfululizo, wakijuana, wakiwa na mazoea ya kushinda. Nyumba iliyojengwa vizuri hustahimili wapangaji watatu kwa mwaka. Hilo humsifu fundi aliyeijenga. Halimsifu mwenye nyumba abadilishaye wapangaji. La pili, tazama kilichotokea mahali ambapo wingi wa mali ya nyumbani hausaidii. Msimu wa 2023–24 chini ya Gamondi, Yanga ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Msimu uliofuata, mwalimu mpya alifika siku chache tu kabla ya hatua ya makundi kuanza, Yanga ikapoteza mechi zake 2 za mwanzo mbele ya Al Hilal ya Sudan na MC Alger, na haikuvuka kundi. Nyumbani mwenye nguvu aweza kukosea na bado ashinde, kwa kuwa wengi wa wapinzani wake ni maskini kuliko yeye. Afrika haimpi mtu nafasi hiyo.

Wengine wataipeleka hoja mbali zaidi, mpaka London. Watasema kwamba Chelsea, tangu kununuliwa na Roman Abramovich mwaka 2003 hadi alipoondoka 2022, ilikuwa ikibadilisha walimu kama mtu abadilishavyo kanzu, na katika muda huo ilichukua ubingwa wa Uingereza mara 5 na ule wa Ulaya mara 2. Roberto Di Matteo alishika timu Machi 2012, akachukua kombe la Ulaya Mei, akafukuzwa Novemba. Hiyo ni kweli tupu. Lakini tazama waliokuwa uwanjani usiku ule wa Munich. Petr Čech na Didier Drogba walikuwapo Chelsea tangu 2004, na Frank Lampard tangu 2001. Walimu walipita, na wachezaji hawa wakabaki miaka 8 na zaidi, wakawa ndio waliobeba kumbukumbu ya timu. Kilichobaki mahali pamoja ndicho kilichozaa. Na juu ya hayo, ile ilikuwa klabu ya tajiri aliyekuwa na uwezo wa kulipia makosa yake yote kwa mkupuo. Mwenye mahindi ya ghala 10 akila mbegu ya ghala moja hafi njaa. Mwenye debe moja akimwiga atapanda nini?

Na maadam tumefika Uingereza, tusiondoke kabla ya kuwatazama waliofanya kinyume. Bill Shankly alishika Liverpool Desemba 1959 ikiwa daraja la pili. Akaipandisha 1962, akachukua ubingwa 1964 na 1966. Baada ya hapo alikaa miaka 7 bila ya kombe kubwa hata moja. Mwaka 1970 timu yake ilitolewa katika Kombe la FA na Watford, timu ya daraja la pili, naye akaona kuwa wakongwe wake wamechoka, akaanza kujenga kikosi kipya. Klabu haikumfukuza. Mwaka 1973 alichukua ubingwa na Kombe la UEFA kwa pamoja. Alipostaafu 1974, haikutafutwa sura mpya ya kuwashangaza watu. Akapewa kazi msaidizi wake, Bob Paisley, aliyekuwa na klabu hiyo tangu 1939. Paisley akachukua ubingwa wa Uingereza mara 6 na Kombe la Ulaya mara 3 katika misimu 9. Leo hakuna klabu yetu ambayo ingempa Shankly miaka 7 ya ukame. Nadhani wengi wasingempa miezi 7.

Habari za Alex Ferguson zinajulikana sana, nami nitazipita upesi. Alifika Manchester United Novemba 1986. Msimu wa 1989–90 timu yake ilimaliza nafasi ya 13. Kombe lake la kwanza likaja Mei 1990, na ubingwa wa kwanza 1993. Alipostaafu 2013 alikuwa amechukua ubingwa mara 13. Lakini yaliyofuata yana mafunzo kuliko yaliyotangulia. David Moyes alipewa mkataba wa miaka 6, akaondolewa kabla mwaka haujaisha. Louis van Gaal alichukua Kombe la FA Mei 2016, akaondolewa siku chache baadaye. Erik ten Hag alichukua kombe hilo hilo Mei 2024, akaongezewa mkataba Julai, akafukuzwa Oktoba. Kutoka 2013 hadi mwisho wa msimu wa 2024–25, klabu hiyo yenye fedha za kutisha haikupata ubingwa wa nchi yake hata mara moja. Klabu ile ile ndiyo iliyoufundisha ulimwengu faida ya subira, na ndiyo iliyousahau ufundishaji wake mwenyewe.

Hapa sina budi kujikinga na kosa la upande wa pili. Ipo subira ambayo ni uvivu uliovaa nguo za hekima. Kiongozi akisema kila siku kwamba tunajenga, na hakuna tofali lililoongezwa, huyo anadanganya. Methali zetu ni mawakili wanaopokea kazi kwa pande zote: subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa hiyo simwombei mwalimu kinga ya milele. Namwombea hukumu ya haki, na hukumu ya haki hutaka ushahidi ulio mwingi kuliko mabao ya Jumapili.

Ushahidi huo upo, na si mgumu kuutafuta. Je, vijana wangapi wa timu ya vijana wameingizwa katika kikosi cha kwanza, na wanacheza au wanakalia benchi? Je, umri wa kikosi unapungua au unapanda? Je, timu inatengeneza nafasi nyingi za kufunga kuliko mwaka jana, hata ikiwa mabao bado hayaji? Je, wachezaji waliosajiliwa ni wale mwalimu aliowataka, au ni wale madalali waliowaleta? Je, timu ikifungwa, hufungwa kwa namna ile ile kila mara, au kosa la mwezi uliopita limekwisha kurekebishwa? Mwalimu ambaye majibu yake ni mabaya kwa misimu 2 aondoke, wala mimi sitamlilia. Mwalimu ambaye majibu yake ni mema aachwe afanye kazi, hata kama Jumapili ametoka uwanjani ameinamisha kichwa. Yapasa maswali haya yaandikwe siku mwalimu anapotia sahihi, ayajue yeye, wayajue wanachama, na siku ya hukumu yasomwe hadharani. Kiongozi akiisha kuyaandika atakuwa amejifunga mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu hayaandikwi.

Liko jambo jingine linaloumiza moyo. Nimemtaja Juma Mgunda mara 2 katika orodha ya Simba, na mara zote 2 aliitwa kushika nafasi. Mwaka 2022 aliipokea timu iliyoachwa, akaivusha mpaka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, kisha kiti akapewa mgeni. Mwaka 2024 akaitwa tena moto ulipowaka, na moto ulipozimika akaja mwingine. Huyu si peke yake. Ndiyo desturi yetu kwa walimu wetu. Twawaita kuzima moto, hatuwaiti kujenga nyumba. Kisha twasema hawana uzoefu. Uzoefu wataupata wapi, ikiwa hawapewi hata majuma ya maandalizi? Paisley naye alikuwa msaidizi wa nyumbani.

Tena haidhuru sana mwalimu akibadilika mahali ambapo kuna kitu kisichobadilika. TP Mazembe ya Lubumbashi iliwahi kubadilisha walimu, lakini Moïse Katumbi aliishika klabu hiyo tangu 1997, na ubingwa wa Afrika, ambao klabu ilikuwa haijauona tangu 1968, ulirudi 2009, miaka 12 baadaye, ukafuatwa na ule wa 2010. Klabu ikajenga uwanja wake yenyewe. Mwaka 2011 ikamchukua kijana wetu Mbwana Samatta kutoka Simba, aliyekaa Msimbazi kwa muda mfupi, ikamlea, na mwaka 2015 akaisaidia kuchukua ubingwa wa Afrika na kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wachezao ndani ya bara. Sisi tulimzaa, wengine wakamngojea akomae. Klabu zetu 2 zilianzishwa 1935 na 1936, na hata mwaka 2025 zilikuwa zikicheza mechi zao za nyumbani za ligi katika viwanja vya watu wengine. Kila fedha iliyolipwa kwa mwalimu aliyefukuzwa kabla ya wakati wake ni tofali ambalo halikuwekwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la wanafunzi na wanazuoni lishughulike na jambo la uwanjani. Jibu langu ni kwamba mpira ni shule ambayo watu wetu wengi huhudhuria kila juma, wengi kuliko wahudhuriao vyuo vyote vikiunganishwa. Huko hujifunza namna ya kuhukumu kazi ya mtu. Wakifundishwa kila juma kwamba kazi ya mwaka yaweza kuhukumiwa kwa saa moja na nusu, na kwamba mambo yakiharibika dawa ni kutafuta mtu mmoja wa kufukuzwa, watalipeleka fundisho hilo shuleni, ofisini na serikalini. Wanazuoni waliojifunza kupima ushahidi kabla ya kutoa hukumu hawana haki ya kuingia uwanjani na kuiacha elimu yao nje ya lango pamoja na chupa za maji.

Kwa hiyo, siku viongozi watakaposimama tena na kusema kwamba mpira ni matokeo, tusiwapigie makofi wala tusiwazomee. Tuwaulize: matokeo ya nini? Nani alipanda, lini, na alipewa muda gani? Na ninyi mliokuwa mkishika ghala, mbegu ya mwaka jana iko wapi?